Namba Zinazofutana

Ottilie Brandhorst alikuwa mpiga chapa wa idara ya fizikia pale Göttingen, Ujerumani, kwa miaka tisa, na katika miaka hiyo alikuwa amejifunza kuwadharau madaktari vijana wa sayansi bila hata kuinua kichwa. Walimpita mezani bila salamu. Wengi wao usingewakabidhi hata birika la kahawa.

Aliyemchefua kuliko wote ni Daktari Reinhold Quast. Majira ya baridi ya mwaka 1928 alimtupia makala kuhusu elektroni zinazogonga fuwele na kudunda kwa njia mbili.

"Chapa kabla ya saa kumi, Bi Brandhorst. Na usiniharibie."

Ottilie, aliyejifunza hesabu hizi kwa kuzichapa, alifika ukurasa wa sita, akaacha kuchapa. Quast alikuwa amechukua namba ya wimbi la elektroni kwa kila njia, akaizidisha kwa yenyewe kupata uwezekano, kisha akajumlisha majibu mawili. Zuzu! Namba zile hujumlishwa kwanza, zikiwa bado na alama zake, chanya au hasi. Ndipo jumla huzidishwa kwa yenyewe. Zikipingana hufutana, na mahali hapo elektroni haifiki kamwe. Picha ya jaribio, aliyoiambatisha Quast mwenyewe, ilionyesha mapengo matupu. Hesabu yake haikuwa na hata pengo moja.

Akampelekea ukurasa ofisini. "Daktari, umezidisha kabla ya kujumlisha."

Quast akamgeukia mwenzake, akacheka. "Umesikia? Mashine ya chapa imeanza kufikiri!"

"Basi haya mapengo kwenye picha yametoka wapi?"

"Uchafu wa kioo cha picha. Nenda kachape, mama."

Akachapa kila kosa, herufi kwa herufi.

Jumanne, Quast alipoisoma makala mbele ya idara nzima, profesa mzee aliuliza swali lilelile la mapengo. Quast alitazama ubao kama mbuzi aliyeonyeshwa gazeti, kisha akanyoosha kidole nyuma, alikokaa Ottilie akiandika kumbukumbu.

"Mpiga chapa ameruka mistari."

Ottilie akasimama na karatasi mkononi. "Mwandiko wake huu hapa. Jisomeeni."

Karatasi zikapita kutoka kiti hadi kiti, na kicheko kikazifuata. Quast akaondoka na chaki yake mfukoni.

Profesa alimpongeza Ottilie kwa usafi wa uchapaji. Usafi! Miaka yote hiyo profesa naye hakuwa ameona kwamba anazielewa hesabu. Tangu wiki ile vijana walimletea makala zao kwa siri, wakimsalimu kwanza, kisha wakinong'ona, "Angalia tahajia tu, Bi Brandhorst." Alizikagua hesabu kwa penseli nyekundu, na hakumjibu hata mmoja salamu.