Nyota Ambazo Baba Alizitafuta Begani Kwangu

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo kila nikipiga magoti inanijia kabla sijafika kwenye maombi yenyewe. Nilikuwa sajenti mwenye V tatu mkononi na miaka mingi jeshini, na nilikuwa nimechaguliwa kwenda chuo kinachowafundisha askari wa vyeo vya chini kuwa maofisa. Si wengi wanaochaguliwa. Baba yangu, katekista wa kigango chetu kule Bukima, alipopata habari aliwatangazia waumini baada ya ibada kwamba mtoto wa mkulima wa mihogo sasa atavaa nyota begani.

Chuoni tulikuwa masajenti watupu. Kufunga hema, kusafisha bunduki, kumwelekeza kuruti asiyeelewa, hayo hatukuhitaji kufundishwa na mtu. Tulidhani tumekwenda kuongezewa nyota juu ya yale tuliyokwisha kuyajua.

Siku hiyo tulikuwa porini kwenye mazoezi, na zamu ya kuongoza platuni ilikuwa yangu. Tulitakiwa kuchimba mahandaki kabla wenzetu waliocheza upande wa adui hawajafika. Ardhi ilikuwa ya changarawe, na kijana mmoja alikuwa anaipiga sululu kama anayeua nyoka. Mwanangu, mimi nimelima mawe ya Bukima tangu utoto. Nilivumilia kidogo, kisha nikamnyang'anya sululu, nikashuka shimoni mwenyewe. Nilichimba kwa furaha, sitakuficha. Ilikuwa mara ya kwanza tangu nifike chuoni kufanya kitu ninachokiweza.

Nilipoinua kichwa, Kapteni aliyetufundisha alikuwa amesimama juu yangu. Alikuwa mtu mzima, aliyeanzia chini kama sisi.

"Sajenti, handaki hili kachimba nani?"

"Mimi, afande."

"Zuri. Hata mimi ningelala humu nikakoroma." Wenzangu wakacheka. "Sasa niambie, wakati unachimba, platuni ilikuwa inaongozwa na nani?"

Nikageuka kutazama. Upande wa kushoto, ambako sikuwa nimeweka mlinzi, wale adui zetu walikuwa wameshaingia na kukaa chini, mmoja anatafuna karanga.

"Watu wako walikuwa wanatafuta uso wako wakaona mgongo," Kapteni akasema taratibu. "Mikono inawasha, naijua, hata yangu iliwasha. Iache iwashe."

Tangu siku hiyo nikaitwa Sululu. Wakati wa chakula utasikia, "Sululu, njoo utuchimbie ugali!" Nilicheka nao. Usiku nilisali nipewe moyo wa kusimama na mikono mitupu, na niliamini nimepewa.

Nilimwelewa Kapteni, mwanangu. Hilo ndilo linaloniumiza zaidi. Ningekuwa sijaelewa, ningesema sikufundishwa.

Zoezi la mwisho likafika, lile la kuamua nani anabaki na nani anarudishwa kikosini. Niliongoza vizuri nusu ya asubuhi. Kisha bunduki yetu kubwa ikakwama, na kijana aliyeishika alikuwa anaigongagonga bila kuifungua. Nikajiambia dakika moja tu. Nikapiga magoti, nikaifungua, nikaisafisha, nikaifunga. Ilifanya kazi kama mpya. Niliposimama, nusu ya platuni yangu ilikuwa imehesabiwa wafu, wamelala kwenye nyasi wakinitazama. Kapteni alikuwa mbali, amevua kofia.

Nikarudishwa na V zangu tatu.

Nilipopata likizo nilimpigia simu dada yangu anayeishi Nyasura, nikamwomba amwambie baba kabla sijafika. Nilikuwa nimeongoza askari miaka yote hiyo, lakini kumwambia baba nilishindwa. Nilishuka Bunda, dada akanipokea stendi, tukapitia Musoma pamoja hadi Bukima. Njia nzima hakunitazama. Tulipokaribia kigango, Jumapili asubuhi, nikasikia vigelegele.

"Hukumwambia?"

"Nilienda, kaka. Nikamkuta anaimba peke yake. Baba hakuwaga mtu wa kuimba vile. Ningemwambiaje?"

Tangu naenda chuoni baba alikuwa ameniomba nije na sare, nami nilikuwa nimeivaa nikidhani wanajua. Watu wote walisimama. Macho yao yakaenda begani kwangu, yakakaa hapo, kisha yakashuka mkononi kwenye zile V. Vigelegele vilikatika upande wa mbele kwanza, nyuma wakaendelea kwa kuwa hawajaona. Baba alikuwa mbele na kitabu cha ibada. Aliniangalia, akasema, "Tumshukuru Mungu kwa safari njema ya kijana wetu," akaendelea na ibada. Hakuniuliza kitu siku hiyo, wala mwaka ule, wala miaka iliyofuata.

Nilistaafu nikiwa sajenti. Baba akazeeka, kumbukumbu zikamtoka moja moja. Padre alipokuja kumpa mpako wa wagonjwa, baba alinishika shati.

"Padre, huyu ndiye kijana wangu. Luteni."

Mama akainamisha kichwa. Baba akapapasa bega langu kwa vidole, polepole, akitafuta. Akahangaika.

"Nyota zako ziko wapi? Ziko kwenye nguo nyingine?"

"Ndiyo, baba. Ziko kwenye nguo nyingine."

Akatulia. Alizikwa wiki ile ile.

Sasa nafuga ng'ombe wachache hapa Butiama, nawe na vijana wenzako mlioitwa kwenye chuo kile mnakuja kuniuliza kukoje. Mnataka niseme Mungu alinipa kilicho bora zaidi. Namshukuru kwa pumzi, kwa mke na kwa maziwa ya asubuhi, lakini kwa jambo hili sijapewa kitu, na nimesubiri miaka mingi. Bado nasali. Sitakudanganya kwamba pamepona.

Ninalojua ni hili, mwanangu. Siku utakapoitwa kwenye kazi kubwa, kazi yako ya jana itakuita, nawe utaona kuifanya ni wema. Usiende. Mwache asiyejua akosee mbele ya macho yako, wewe simama, uangalie kushoto na kulia. Utajiona huna maana. Vumilia hivyo hivyo. Na ukishindwa, mwambie baba yako kwa mdomo wako mwenyewe kabla watu hawajasimama kukupokea, hata kama utamkuta anaimba.

Mungu akupe miguu ya kusimama pale nilipopiga magoti. Na asipokupa, basi akupe angalau mtu mmoja atakayekupokea mlangoni akikutazama usoni, asikuangalie begani. Amina.