Asubuhi Mama Alinipitisha Kati ya Maboga

Sisi tuliokulia Beni wakati wa vita, tulikuwa na mbio! Mpira wetu wa majani ya migomba ulipigwa hadi Uganda ukarudi na visa. Kamba tuliruka mpaka mawingu yakatupisha. Batoto ba leo, ukimutuma mumoja chumvi hatua kumi, anaomba pikipiki. Sisi tulikimbia shule na mihogo ya kuchoma mufukoni, moto inaunguza paja, na mama nyuma anapiga kelele kwamba mutu asiyesoma hata mbuzi anamudanganya.

Kwetu Mulekera, shule ilikuwa ng'ambo ya shamba la maboga la koko, mama ya baba yangu. Barabara kubwa ilikuwa na kizuizi cha askari, na mama alishakataza binti zake kupita pale. Donc njia ilibaki moja: kati ya maboga.

Nilikuwa mwaka wa sita wa primaire nilipoona mwezi mara ya kwanza. Nilijua ninakufa. Niligawa hata urithi: sahani yangu apewe Kavira, mudogo wangu. Maana kwetu mama hasemi mambo hayo kwa binti. Ni kazi ya shangazi. Na shangazi yangu alikuwa Kipese, kule milimani, vita imefunga njia. Koko akaamua nikae nyumbani mpaka damu iishe, kwa sababu musichana aliye mwezini akipita kati ya maboga, yanaoza yote. Maelezo, nimungoje shangazi.

Nikakaa juma zima. Mwezi uliofuata, juma zima tena, na kitambaa changu nikikikausha chini ya kitanda kama mwizi. Directeur akatuma neno: nikikosa mara ya tatu, jina langu linatoka kwenye orodha ya mtihani.

Mara ya tatu ikaja Jumatatu asubuhi. Nikavua uniforme bila kuambiwa. Mama alikuwa anapepeta maharagwe. Akaweka ungo chini, akaniambia nivae. Koko akauliza nani atamufundisha mutoto, na shangazi hayuko.

“Ni mimi,” mama akasema. “Shangazi amekosa njia, mais damu haikumungoja. Mutoto yangu hatakosa masomo juu ya boga.”

Akanishika mukono, tukaingia shambani jua likiwaka, koko anatufuata pembeni akililia kila boga kama mufiwa. Mama hakupunguza sauti. Alisema damu ile si ugonjwa, si laana, ni mwili unaokomaa. Nihesabu siku. Kitambaa nikifue na sabuni, nikianike juani. Akasema kuanzia sasa ninaweza kushika mimba, na akanieleza inavyoingia, bila ile hadithi ya batoto kununuliwa maternité ya hospitali. Halafu akasimama, akaniangalia.

“Mwili ni yako, Kavugho. Mutu akikugusa vibaya, hata ana bunduki, hata ni mujomba, aibu ni yake, hapana yako. Unakuja kuniambia siku ile ile, tunaenda kwa munganga wa hospitali.”

Nilifika kengele ikilia. Wakati wa mapumziko wasichana wakanizunguka, nami nikawarudishia yote, na chumvi kidogo juu. Kufika Ijumaa nilikuwa shangazi wa darasa zima, na miaka yangu kumi na miwili! Maboga nayo yalizaa msimu ule mpaka tukakosa pa kupita. Koko mwenyewe aliyala.

Mtihani nilipita. Sekondari vita ilinikatia mara nyingi. Diplome niliichukua kwa masomo ya jioni, tumbo la mimba likigonga pupitre, dawati la darasa.

Leo binti yangu ana serviettes za hedhi za duka, mchoro wa mwili ukutani darasani, na simu inayojua kila kitu. Nikifungua kinywa ananiambia, “Mama, hiyo nilishasoma.” Sawa. Mais simu haijapata kumushika mutu mukono mbele ya koko yake, na mkono ule wa mama, uliojaa vumbi la maharagwe, nisingeubadilisha na simu zote za Butembo.

Juzi nilikuwa nafundisha wasichana wa parokia mambo haya ya mwezi, baba mumoja akanisogelea kwa heshima, akaniomba nishushe sauti, wanaume bananisikia kule nje.

Nikamuambia, “Basi papa, baingie. Viti viko.”