Kiganja cha Baba na Injini ya Moto

Mimi subira sina. Waliokaa na mimi wanajua. Mama alikuwa akinitania kwamba hata uji nauepua kabla haujachemka. Leo nataka kusema nilichomfanyia baba yangu, maana nimechoka kukaa nacho.

Baba alifanya kazi karakana ya reli hapa Kilosa tangu ujana wake. Miaka ile ya ruksa, biashara huria ilipoingia, watu wakaanza kupunguzwa kazini, naye akapunguzwa. Kiinua mgongo chote akakitia kwenye pikapu ya mtumba. Wenzake walishinda barazani wakilalamika; yeye alikuwa chini ya gari, anaimba. "Mikono hii haijapunguzwa," aliniambia. Mimi bintiye nilikuwa mtu mzima tayari, nauza nyanya, na pikapu hiyo ndiyo iliyozifikisha mnadani Dumila.

Siku moja akaamua kusafisha rejeta, lile tangi la maji ya kupooza injini. Alifungua koki ya chini, maji ya zamani yakatoka mekundu kama supu ya maharage. Akajaza maji safi, akawasha injini mpaka ikapata moto ili kutu ing'oke, akazima, akamwaga tena. Akarudia hivyo mpaka yakatoka meupe. Kilichobaki ni kujaza yale maji ya kijani ya dukani, ila injini lazima ipoe kwanza. Baba alikuwa na kipimo chake: aliweka kiganja juu ya injini na kusali Baba Yetu, bila haraka. Kiganja kikivumilia mpaka Amina, imepoa. Siku hiyo hakufika hata kwenye "mkate wetu wa kila siku", akautoa mkono. Akanawa, akaenda kumjulia hali jirani aliyekuwa mgonjwa.

Matenga yangu ya nyanya yalikuwa yanapigwa jua. Jamani, nyanya zimeiva, mnada unangoja, mimi nakaa kungoja chuma kipoe? Nikafunga koki, nikachota ndoo ya maji ya kisimani, nikayamimina kwenye rejeta ili nipooze injini chapuchapu. Ndani kukalia, ta! Nikajua nimeharibu. Nikafungua koki, nikayaacha yote yatoke, nikatupia mchanga pale yalipotuama.

Baba aliporudi akaweka kiganja, akasali mpaka Amina. "Loo! Leo imepoa upesi," akasema, amefurahi. Akajaza maji ya kijani, tukapakia matenga, tukaondoka.

Hatukufika. Karibu na Dumila gari likachemsha, likatoa moshi mweupe, likazima. Nikaenda kwa miguu kumwita fundi pale njia panda. Alikuwa kijana mwenye adabu. Alimwamkia baba shikamoo kabla hajagusa kitu. Kisha akachomoa kijiti cha kupimia oili. Oili ilikuwa imegeuka kama chai ya maziwa.

"Mzee, kichwa cha injini kimepasuka," akasema. "Nani alitia maji ya baridi wakati injini ina moto?"

Nikajifanya napanga nyanya.

"Ni mimi," baba akajibu. "Nilishika, nikaona imepoa. Kumbe mkono umeshakufa ganzi."

Akakigeuza kile kiganja, akakitazama. Mimi ninayegombea sokoni kutwa nzima nikaendelea kupanga nyanya. Niliona aibu, na niliogopa.

Pikapu ilitengenezwa, lakini baba hakuigusa tena. Spana zake alimgawia yule fundi. Akaanza kushinda barazani na wenzake, na hata maji yake ya kuoga akawa hayaamini mpaka mama ayajaribu joto kwanza. Mimi nikazidi kuwa mkali kwa kila mtu, na hakuna aliyejua kwa nini.

Mwaka wa pili nikashindwa kuvumilia. Jioni moja nilimkuta amesimama kando ya ndoo ya maji ya kuoga, anamngoja mama. Nikalipuka.

"Baba, mkono wako ni mzima! Ni mimi niliyetia maji ya kisimani ulipokwenda kwa jirani. Nikayamwaga ili usijue. Ni mimi!"

Nililia mpaka majirani wakachungulia. Baba alinisikiliza hadi mwisho, kisha akanishika bega.

"Mama," akaniita, kama alivyokuwa akiniita nikiwa mdogo. "Asante sana. Lakini usijitwike kosa langu kwa kunihurumia."

Nikaapa kwa jina la Mungu. Akasema niache, kuapa uongo ni dhambi, hata kama mtu ana nia njema. Kisha akamgeukia mama, aliyekuwa ameshafika, akamwomba ayajaribu maji na kuongeza ya baridi.