Sauti Nzuri ya Mfua Mashuka

Darasa la jioni la watu wazima lilikuwa na wanafunzi kumi na mmoja, na hakuna aliyesoma vizuri kama mfua mashuka wa hospitali. Walimwita Redio. Akishika ukurasa, maneno yalimtoka bila kukwama, na mwalimu mwenyewe alikaa akasikiliza. Taabu ni kwamba ukimuuliza amesoma nini, alikuangalia tu. Nguvu zake zote ziliishia mdomoni.

Fundi mwashi, jirani yake wa dawati, alikuwa kinyume chake. Alisoma kwa kidole, silabi kwa silabi, jasho likimtoka kana kwamba anabeba zege. Mpaka amalize mstari mmoja, wenzake wameshafunga madaftari. Lakini alichokisoma hakikumpotea. Basi wakasaidiana: huyu sauti, yule maana. Mwalimu akawaacha hivyo, na hapo, nasema wazi, alikosea.

Jumatatu moja dereva wa lori alimletea Redio barua kutoka kwa kaka yake, aliyemlea baada ya wazazi wao kufariki. Ilikuwa barua yake ya kwanza maishani. Alifunga mlango akaisoma kwa sauti mara tatu, na salamu zile ndefu zilimpa raha hata machozi yakamlenga. Akajiona naye ni mtu. Akawa anatembea nayo kifuani kila aendako.

Ijumaa jioni akampa fundi aione, kwa kujitapa kidogo. Fundi akaburuza kidole, akazimaliza salamu, akafika katikati akasimama. Akarudia pale pale.

"Dada, hii umeisoma?"

"Mara tatu! Ananisalimia, ananikumbuka."

"Anasema anapasuliwa Ijumaa asubuhi. Anaogopa. Anakuomba uje kabla, akuone."

"Ijumaa ipi?"

Fundi akaitazama tarehe. "Leo."

Redio akatoka barazani na simu. Alipokea mke wa kaka yake.

"Wifi, ametutoka. Saa saba mchana. Nilikuwa natafuta nguvu ya kukupigia."

"Mbona hamkuniambia jana? Hata juzi! Ningekuja kwa miguu!"

"Nilitaka, wifi. Nilishika simu, yeye akanikataza. Alisema, 'Mwache, barua anayo. Siku hizi mdogo wangu anasoma mwenyewe.'"