Saa Iliyofungwa Kwenye Pipa

Kazi yangu ya kwanza baada ya chuo cha uvuvi ilikuwa kusoma kina ambacho watu wengine walikuwa wamekifikia. Mimi mwenyewe sikuzamia. Nilikulia Majimoto, kwenye majaruba ya mpunga, ambako maji marefu kuliko yote yalinifika magotini, na chuoni nilifaulu kuogelea kwa alama za huruma. Lakini nilijua kutumia kompyuta, na katika miaka ile ya tisini, kwenye kambi ya wazamiaji ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, hilo lilitosha kunifanya niitwe bwana samaki na watu walionizidi umri.

Kampuni ilikuwa ikinasa samaki wadogo wa rangi, wale wa kwenye miamba, na kuwasafirisha wakiwa hai kwenda kufugwa majumbani ng'ambo. Wazamiaji walishuka na mitungi ya hewa migongoni, wakawanasa kwa nyavu laini na kuwatia ndani ya pipa la plastiki lililotobolewa matundu. Pipa lilivutwa kwa kamba hatua kwa hatua: mita chache, linafungwa, linaachwa kwa muda mrefu, kisha mita chache tena. Samaki wa kina kirefu akipandishwa haraka, tumbo hufura, naye hufa. Mwili wa binadamu nao hudai subira, kwa sababu hewa anayoivuta chini huingia katika damu, na akipanda haraka hutoka kwa mapovu yanayoweza kumlemaza.

Kwa ajili hiyo kampuni ilinunua saa ya mzamiaji, moja tu, nene kama kipande cha sabuni, yenye kupima kina na muda na kuhifadhi kila kitu. Alasiri boti iliporudi, niliiunganisha na kompyuta, jenereta ikiunguruma, na mchoro wa safari nzima ukajitokeza kwenye kioo.

Siku ya mafunzo niliwaketisha wazamiaji mchangani, nikawaeleza kwa karibu saa nzima. Ili waelewe, nilitumia mfano walioujua: samaki na tumbo lake. Niliwaagiza pia wateremshe mtungi wa akiba kwenye kamba, mita tano chini ya boti, ili mtu anayesubiri asiishiwe hewa. Mzamiaji mkuu, mtu wa huko huko ziwani mwenye miaka thelathini na kitu, alinisikiliza akichokonoa meno, kisha akauliza kama saa hiyo inakula ugali au inakula wali kama mimi, mtu wa Majimoto. Wenzake walicheka. Nilicheka nao, nikiamini somo limeingia.

Michoro iliyofuata ilinithibitishia. Mstari ulishuka, ukatulia, ukapanda kwa ngazi zilizo sawa, ukakaa karibu na uso wa maji kwa saa mbili, wakati mwingine tatu. Nilijiambia wanabadilisha mitungi kama nilivyowafundisha. Nilichapisha kila mchoro, nikaandika chini yake kwamba mzamiaji amezingatia usalama, nikatia sahihi na kumpelekea bosi. Mzamiaji mkuu nilimwonyesha mchoro wake, nikamsifu. Akasema hata bosi siku hizi hafoki.

Kiangazi, siku moja alasiri, alirudi kutoka majini, akala, akasimulia kichekesho fulani, na alipotaka kuinuka akashindwa. Alisema miguu imekufa ganzi. Matibabu yake ni chumba maalumu cha shinikizo la hewa, na cha karibu kilikuwa mbali sana, huko pwani. Angeweza kufikishwa kwa ndege ndogo tu, ambayo bosi aliweza kuiita kwa redio. Bosi akataka kwanza kuona mchoro wa siku hiyo. Nilimpa bila wasiwasi wowote.

"Huyu amepanda kama bibi harusi," alisema. "Ganzi hii si ya maji. Mpelekeni hospitali Mpanda."

Nilikubaliana naye. Naandika neno hilo kwa makusudi: nilikubaliana naye. Mzamiaji alipakiwa kwenye lori juu ya magunia, nami nikamwambia kwamba vipimo vyake ni vizuri.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa nikisafisha saa, nikamlalamikia mvuta kamba, ambaye alikuwa shemeji yake mgonjwa, kwamba mkanda umekatwa na kuungwa kwa uzi wa nailoni mrefu usiofaa mkononi.

"Mkononi kwa nani, bwana samaki? Hiyo tunaifunga kwenye pipa."

Alinieleza taratibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Wamefanya hivyo tangu siku ya kwanza. Kwani siku ya mafunzo mimi mwenyewe nilisema samaki akipanda haraka anakufa, na saa inaonyesha. Bosi alifoka kila samaki alipokufa; habari za mtu hakuwahi kuziuliza. Nikamuuliza shemeji yake mwenyewe alikuwa akipandaje.

"Hewa ikiisha, anapanda."

Mtungi wa akiba ulikuwa ukirudi kila siku umejaa. Ningeunyanyua mara moja tu, ningejua.

Nilimkimbilia bosi, nikamwomba aite ndege. Hakukasirika. Aliuliza tu ni nani aliyetia sahihi kwenye karatasi zile, na kama nilitaka aseme redioni kwamba zote zilikuwa vipimo vya samaki. Ndege haikuitwa.

Mwezi ule ule niliacha kazi, nikadandia lori hadi Mpanda. Nilimkuta mzamiaji mtaa wa Kawajense, nyumbani kwa dada yake, ameketi kwenye mkeka ameegemea ukuta, miguu imelala mbele yake. Nilikuwa na barua ya kurasa nne ya kupeleka ofisi ya kazi. Nikamsomea. Nilipofika mahali nilipoandika kwamba mzamiaji hakuelewa maelekezo, aliinua mkono.

"Hapo futa. Mimi nilielewa. Nilielewa bosi anataka nini, na wewe unasifia nini. Kule kwenye boti hukuja hata siku moja, mdogo wangu."

Nilifuta. Juu ya mstari ule, karatasi ikiwa gotini, nikaandika kwamba mimi, msimamizi, sikuwahi kufika kwenye boti. Akauliza kama barua hiyo sasa itamfikisha kwenye kile chumba. Nilimwambia ukweli, kwamba chumba kingemfaa siku zile za mwanzo, na kwamba siku hizo zimepita.

Akaniomba niisome tena, kwa sauti, dada yake aje asikie, kwa sababu dada huyo alikuwa akiwaambia majirani kwamba kaka yake amerogwa na shemeji yake, yule mvuta kamba, na wakwe walikuwa wameacha kuja. Dada akaja na ungo wake wa mchele, akakaa. Nikasoma kurasa zote nne. Nilipomaliza, dada aliuliza jambo moja tu: kama samaki wa siku ile walifika salama.

Nilimwambia walifika wote.