Sindano na Jina la Baba

Walisema sitamaliza kidato cha nne. Nilipomaliza, wakasema diploma ya majokofu ni kozi ya kutengeneza friji za mabucha. Nilipopata kazi Ghuba, wakasema nitarudi ndani ya sanduku. Nilirudi kwa miguu yangu, nikajenga nyumba ya mawe upande wa Bahati na kuandika jina langu kwenye mlango wa pikapu. Leo ukinywa maziwa popote kati ya Kuresoi na Nakuru mjini, huenda yalipozwa na mashine niliyoifunga mimi. Nasema hivyo bila aibu.

Jambo ambalo hakuna aliyelitabiri ni kwamba ningenyamaza.

Ilianza polepole. Mteja aliharibu mashine mwenyewe, akanilaumu mimi, nami nikamjibu, "Sawa." Fundi wangu alinitazama kana kwamba nimeanguka. Nilianza kusinzia ndani ya pikapu baada ya chakula cha mchana. Ndevu zikawa za kunyolewa mara moja kwa wiki. Kitandani, mimi na mke wangu tulilala kama wageni waliogawiwa chumba kimoja.

Baba yangu miaka yake ya mwisho alikaa kwenye benchi ya veranda toka asubuhi, koti mwilini hata kukiwa na jua, akitazama barabara. Watu walisema anafikiria. Nilimuuliza siku moja anaangalia nini. "Nimekaa tu," akasema. Hakuna aliyempima chochote. Sasa asubuhi moja binti yangu alinikuta kwenye ngazi, akaniuliza nafanya nini hapo, nami nikamjibu, "Nimekaa tu." Sauti ile haikuwa yangu. Niliinuka nikaenda hospitali.

Daktari alikuwa mwanamke mdogo kuliko mimi. Alinipima damu asubuhi mapema, akanirudisha nipimwe tena, maana testosteroni, homoni ya kiume, huwa juu saa hizo. Yangu ilikuwa chini mara zote mbili. Mifupa nayo ilikuwa imeanza kupungua nguvu.

"Uliwahi kuugua matubwitubwi ukiwa mkubwa?"

Niliwahi, nikiwa chuoni. Uvimbe ulianza mashavuni ukashuka mpaka kule chini. Nilikwenda darasani nikitembea miguu kando, nikasema nimeumia mpirani.

Katika kazi yangu huongezi gesi kabla ya kutafuta inapovuja. Nikamwambia, "Basi tumepata inapovuja, tuzibe."

"Hapa hakuna pa kuziba, baba. Mashine yenyewe imechoka."

Kulikuwa na sindano ya kurudisha homoni hiyo, huenda ya maisha yangu yote, pamoja na vipimo vya damu na tezi dume kila mara. Kisha akaniuliza kama bado nataka mtoto. Mbegu zangu zilikuwa chache lakini zilikuwepo, na sindano ingeweza kuzizima. Tulikwenda Nairobi kwa daktari wa uzazi, tukarudi tena na tena. Mbegu walizopata hazikutosha kuhifadhiwa. Tuendelee kujaribu, wakasema, mradi nisiguse ile sindano.

Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la baba wa mume. Halichukuliwi kuwa jina tu. Husemwa mzee amerudi, na bibi yake humwita yule mtoto mchanga "mume wangu". Binti yetu, aliyezaliwa kabla sijaenda Ghuba, ana jina la mama yangu, na wakiitana hucheka wote wawili. Lakini mimi ni mwana wa pekee. Jina la baba halina pengine pa kwenda. Kila tulipokwenda kwa mama, alimtazama mke wangu tumboni akauliza, "Mzee bado yuko njiani?" Kisha akamfungia kwenye gazeti mizizi ya kuchemsha, ya kushika mimba.

Nilianza kumwona baba. Asubuhi moja huko Kuresoi, ukungu ukiwa umelala juu ya viazi, nilimwona amesimama langoni mwa kituo cha maziwa na koti lake. Nilipokaribia, lilikuwa gunia lililotundikwa kwenye nguzo. Nilikuwa nimeshalisalimia.

Mke wangu ndiye aliyelifungua hilo jambo la sindano.

"Boss," alinitania hivyo tangu nirudi na pikapu, "mimi niliolewa na mtu wa kelele. Majirani walijua umefika kabla hujazima gari. Huyu wa kukaa kwenye ngazi simjui."

"Na mtoto?"

"Mtoto tunaye. Yuko ndani anafanya homuwaki."

"Na mama?"

"Mama ni wako, mwambie wewe. Ile mizizi yake nimemwagilia sukuma wiki mpaka imenenepa."

Nilimkuta mama akimenya njegere kwenye veranda. Nimesimama mbele ya wazungu na Waarabu nikijieleza, na sijawahi kukosa neno. Pale nilivuta kigoda nikakaa karibu naye. Mwanamume hamwambii mama yake mambo kama hayo.

"Mama, shida si yeye," nikasema hatimaye. "Ni mimi."

Mikono yake haikusimama. "Tangu lini?"

"Tangu yale matubwitubwi ya chuo. Nimejua juzi tu."

"Na mimi nikimnywesha mtoto wa watu mizizi."

Sikumwambia habari za sukuma. Nilimweleza kuhusu sindano.

"Ukidungwa, mzee haji," akasema.

"Pengine haji."

"Na usipodungwa?"

"Nitakuwa kama baba alivyokuwa hapo."

Aligeuka akatazama benchi. Haikuwa na kitu, ila ungo wa maganda aliouweka mwenyewe, lakini aliitazama kama mtu anayengoja mwingine amalize kuongea.

"Nilimpikia chai mtu aliyekaa hapo miaka," akasema. "Nilikuwa nikimwongelesha, hajibu. Nilidhani amenichoka."

Hakuniambia nidungwe wala nisidungwe. Alisukuma bakuli katikati yetu, tukamenya mpaka zikaisha.

Wiki iliyofuata nilirudi hospitali. Daktari aliniuliza kama nimeelewa ninachokiacha, nikamjibu nimeelewa. Muuguzi akaniambia nisimamie mguu wa kushoto, niulegeze wa kulia. "Dawa hii ni ya mafuta, inaingia polepole," akasema. "Usikaze."

Nilikuwa nimekaza kila kitu, hata meno. Nikaulegeza mguu. Sindano ilipoingia nilimwomba baba radhi kimoyomoyo, nikamtaja kwa majina yake yote, na dawa ilikuwa bado haijaisha nilipofika la mwisho.