Macho ya Nashipae

Kabla ya semina, Mwalimu Elirehema alijua njia moja tu ya kumtuliza mwanafunzi mwenye hasira, nayo ilikuwa imeegemezwa nyuma ya kabati la ofisi ya walimu. Akapelekwa semina Usa River, akala kuku, akapewa fulana na cheti, akarudi shuleni upande wa Kisongo akiwa mtu mpya. Fimbo akampa mlinzi afukuzie mbuzi. Akaanza kutaja saikolojia hata pale wenzake walipokuwa wanazungumzia maharage ya mchana.

Elimu yenyewe aliikariri kama Baba Yetu: mtoto akipandisha hasira usimguse, rudia anachosema ili ajue umemsikia, na mtazamane machoni. Ya mdomo wa mwalimu mwenyewe, zile kejeli zake darasani, semina haikuyagusia, ama yaligusiwa wakati wa kuku.

Na alikuwa na sababu. Nafasi ya mwalimu wa nidhamu ilikuwa wazi, nafasi yenye ofisi, mlango na kufuli, na Elirehema aliitaka hadi usingizi ukampaa. Kwao Akheri yeye ni mzee wa kanisa, watu humpisha njiani. Shuleni alikuwa anasahihishia madaftari kwenye kona ya meza ya mwenzake, na jambo hilo lilimuuma kweli. Basi mkuu wa shule, Mwalimu Anyesi, aliposema atakaa nyuma ya darasa lake aione hiyo elimu ya Usa River, Elirehema alipiga fulana yake pasi.

Somo lilikuwa Baiolojia, kidato cha tatu, tumbo la ng'ombe. Akamgeukia Nashipae, kama ilivyo desturi yake, akasema huyu anayelala zizini ndiye atueleze. Darasa likacheka. Kiangazi kilikuwa kimelimaliza zizi la baba yake Nashipae, na shule nzima ilijua, isipokuwa mwalimu wa Baiolojia.

Nashipae, binti ambaye sauti yake hata jirani yake wa dawati huisikia kwa shida, alisimama akakitupa kitabu sakafuni.

"Nimechoka kuchekwa, Mwalimu."

Elirehema alifurahi, tena waziwazi. Hasira imekuja yenyewe, na mkuu wa shule yupo. Akaweka mikono nyuma.

"Nakusikia unasema umechoka kuchekwa."

"Na anayeanza ni wewe!"

"Nakusikia unasema anayeanza ni mimi."

"Ng'ombe wetu wamekufa wote."

"Nakusikia unasema ng'ombe wenu wamekufa wote," akasema, kwa sauti ileile laini anayosomea matangazo ya usharika.

Hakuna aliyecheka tena. Nashipae naye hasira ilimwisha ghafla, akabaki na aibu ya kumpandishia mkubwa sauti. Akatoka kwenye dawati, akaja mbele, akasimama karibu na mwalimu, akainamisha kichwa.

Huku kwetu Kisongo hata mtoto anayetambaa anajua maana yake. Mdogo analeta kichwa, mkubwa anaweka kiganja, na neno limekwisha, hakuna kesi. Ndivyo watoto wanavyoamkia pia, na Elirehema mwenyewe alikuwa amegusa vichwa getini kila asubuhi, miaka nenda rudi. Kiganja kimoja tu kilitakiwa. Lakini kanuni ilisema usimguse.

"Nitazame machoni, Nashipae."

Binti akazidi kuinama. Mwalimu naye akainama ayatafute macho. Huyu akishuka, yule anashuka, mpaka mzee wa kanisa akawa amechuchumaa mbele ya ubao, shingo imepinda, kama mtu aliyedondosha kifungo chini ya kabati.

"Sasa unanidharau," akasema kutoka huko chini. "Nimesema nitazame."

Nashipae akaanza kulia. Mwalimu Anyesi alinyanyuka nyuma ya darasa, akaja taratibu, akaweka kiganja juu ya kichwa cha binti. "Pole, mwanangu. Nenda ukakae." Akaokota kitabu, akakipangusa vumbi, akampa.

Nafasi aliipata. Wilaya ilitaka mtu mwenye cheti, na mwenye cheti alikuwa yeye peke yake. Asubuhi ya kwanza alisimama getini na funguo mpya mfukoni, apokee salamu za cheo chake. Mwalimu Anyesi aliletewa vichwa. Mama mpishi aliletewa vichwa, mwiko mkononi. Mlinzi naye aliletewa, na ile fimbo kwapani.

Nashipae alipomfikia Elirehema alisimama wima, akamtazama machoni, bila kupepesa, kama mtu anavyomtazama wa rika lake.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba," akajibu, na mkono wake ulikuwa umeshatoka, kiganja chini, unasubiri kichwa. Nyuma ya Nashipae kidato cha tatu kilikuwa kimepanga mstari, wote macho juu. Aliurudisha mkono mfukoni, akashika funguo.